Mafizio wazoefu, mnajuaje kipimo gani ufanye na kipi uache?

mwana_chake
Asalam alaykum wakubwa. Nasoma fizio, yani tiba ya viungo kwa mazoezi, sasa hivi nko fildi hapa Pemba. Vipimo vya kwenye notsi vyote navijua, mgonjwa akija namkunja namnyoosha kila upande, nikimaliza nna ukurasa mzima wa majibu na sijui yanasema nini. Msimamizi wangu ana suali lake moja tu, "hichi kipimo umefanyia nini?", basi nakuwa bubu. Mnafikiri vipi nyie? Mana yeye dakika kumi keshamaliza.

bimwani_paje
Waalaykum salaam mwanangu. Dhana kwanza, kipimo baadae. Huku napata sana kina mama wa mwani, wanainama majini maji yakitoka mpaka yanarudi, anakuja anakwambia kiuno kinauma mpaka mguuni. Hajapanda kitandani nshakuwa na watuhumiwa watatu, mshipa wa fahamu umebanwa kwenye pingili, nyonga, au misuli ya tako tu. Ndo naanza kuuliza, maumivu yanavuka goti? ukikohoa yanazidi? ganzi iko wapi? Akisema juu ya wayo hadi kidole gumba naelekea L5, yani mshipa wa fahamu wa pingili ya tano ya kiuno, nampima nguvu za kukinyanyua hicho kidole. Akinionesha ubavu wa nje wa wayo naenda S1, mshipa unaofuata chini yake, asimame kwa vidole mguu mmoja mmoja, halafu nagonga ile kano ya kisigino. Akishika kinena na kusema hata kuvaa kiatu tabu, mgongo nauweka pembeni naizungusha nyonga kwa ndani. Kipimo ambacho jibu lake halikubadilishii kitu kiache.

viungo_unguja
Bi Mwani kasema kweli ila mzoefu hapiti njia yote hiyo kila siku. Keshaona mabega yaliyoganda ya watu wa sukari mpaka basi, mtu akishindwa kuvua shati tu anauzungusha mkono kwa nje, hauendi hata ukizungushwa na yeye, keshajua. Ndo hizo dakika kumi. Lakini hapo hapo pana hatari, ukishalipenda jibu lako husikii tena. Kwahiyo hata nikiwa na uhakika nauliza mkojo unatoka vipi, pana ganzi sehemu za siri na pale anapokalia, miguu yote miwili imelegea? Ikiwa ndio, hapana mazoezi, hospitali siku hiyo hiyo. Kakonda, jasho la usiku, mgongo hautulii hata akilala, fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na huko kwenu msimu wa karafuu, alieanguka mkarafuuni usimkunje mgongo kabla ya picha!! Halafu mtoto anaechechemea analilia goti na goti lenyewe halina kitu, pima nyonga.

mwana_chake
Shukran sana. Na watuhumiwa wawili wakibaki sawa sawa?

bimwani_paje
Mtibu mmoja, upime tena pale pale. Chagua kinachomtaabisha mwenyewe, kusujudu kwa mfano, arudie baada ya tiba. Pasipobadilika kitu hata akija tena na tena, hamia kwa wa pili. Na unachokitarajia kiandike kwenye faili kabla hujamshika, mana matokeo yakishatoka kila mtu alijua.

mpita_njia
Mie sio fizio ila nshafahamu leo, nlikwenda na kiuno nkaulizwa habari za choo, nkaona huyu bwana hana adabu 😂