Je, uadilifu unaotegemea macho ya majirani ni uadilifu wa kweli?

Mpangaji wa Mbezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekulia Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja, ambamo kila mtu alijua nani ameamka kwa swala ya alfajiri na nani amejifunika shuka. Sasa ninaishi peke yangu Mbezi, ndani ya geti, na hakuna anayeniuliza kama nimeswali. Hata kama ningekula mchana wa Ramadhani, mashahidi wangekuwa jiko na sufuria tu.

Ibada sijaiacha. Lakini siku hizi, nikishamaliza swala, hukaa kimya kwa muda mrefu bila uradi wala dua maalumu, nikijiuliza jambo ambalo pale uani sikupata nafasi ya kulifikiria: katika wema niliosifiwa nao tangu utoto, ni kiasi gani kilitoka moyoni mwangu, na ni kiasi gani kilitokana na kuangaliwa? Mjomba wangu anasema kwamba kukaa peke yako na maswali ya namna hiyo ni kumfungulia shetani mlango, na kwamba mtu mwema hahitaji uhuru mwingi. Mimi naona kwamba asiye na nafasi ya kukosea hawezi kusifiwa kwa kutokosea. Nyinyi mnaonaje?

Mwalimu mstaafu, Kariakoo:

Mwanangu, mjomba wako ana haki ya kukuhofia, ila hofu yake ameielekeza pasipostahili. Dini yetu yenyewe imeuwekea upweke wa aina hiyo mahali pake, kwani katika kumi la mwisho la Ramadhani watu hukaa itikafu msikitini, wakajitenga na biashara na maongezi, na hakuna anayewaita wapotovu.

Mtazame Imamu Ghazali. Alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad, mwenye wanafunzi wengi na heshima mbele ya watawala, lakini alipoichunguza nia yake katika kufundisha aliona kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ilisukumwa na kutafuta jaha na sifa. Mwaka 1095 akaiacha kazi hiyo, akaenda Damascus, akakaa faragha. Swali lililomwondoa ni hilo hilo unalojiuliza wewe, na aliyejiuliza hakuwa mtu mwenye imani haba.

Lakini usiisahau sehemu ya pili ya kisa chake, ambayo vijana wengi wanaopenda faragha huiruka: mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii katika mji wa Nishapur, Uajemi. Kutaka kuonekana hakumwachi mtu kwa sababu tu amejifungia ndani. Mtu anaweza kujivunia upweke wake kuliko mwingine anavyojivunia safu ya mbele msikitini, na kiburi hicho ni kigumu zaidi kukigundua kwa sababu hakuna wa kukusuta.

Wakili, Upanga:

Naongeza jambo moja tu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977 inamhakikishia kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Haki hizi ziliingizwa humo kwa marekebisho ya mwaka 1984. Hata hivyo, Katiba haimzuii mjomba kumwonya mpwa wake, naye ana uhuru wake wa kusema. Shinikizo la ua, ndugu mwuliza swali, utashughulika nalo mwenyewe. Kesi ya aina hiyo haina mahakama.

Mama lishe, Buguruni:

Mimi ni Mkatoliki, na Kanisa langu lilitamka mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Hilo silibishii. Kinachonikera katika mjadala huu ni kwamba mnauzungumzia ua kana kwamba kazi yake ni kupeleleza tu. Macho yale yale yaliyojua nani hakuamka kuswali ndiyo yaliyojua nani hajabandika sufuria tangu jana. Mume wangu alipolazwa, sikumwomba mtu chochote, walishaona.

Halafu, kimya mnachokisifu kina kodi yake. Ninapoishi mimi, redio ya jirani ni redio yangu. Nikikihitaji kweli, hukaa kanisani Mtakatifu Yosefu, pale mbele ya bandari, kabla ya kupanda daladala ya kurudi, na hata hapo huwa ninawaza bei ya mchele.

Mpangaji wa Mbezi:

Mzee wangu, shikamoo, na ninashukuru kwa habari za Nishapur, ambazo sikuwa nazo. Mama, hoja ya sufuria ni nzito. Lakini naomba nikuulize: majirani walioona kwamba hujapika wangekusaidia kama wangeona pia kwamba husali?

Mama lishe, Buguruni:

Wa chumba cha pili angesaidia, kwa sababu yeye mwenyewe hajui ninasali wapi na hajawahi kuuliza. Wa mlango wa mbele, ambaye tuko naye jumuiya moja ya kanisa, hakuja hata nilipokuwa nikisali kila siku.