Mjadala: Wimbo niliolipia na kuupakua ni wangu, au nimeazimwa tu?

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kwenye duka la muziki mtandaoni unakuta kitufe kimeandikwa "Nunua". Unalipa, faili linashuka, unajua biashara imeisha. Sasa rudi ukasome yale masharti marefu ambayo wote tunayapita kwa kubonyeza "Nakubali". Humo utakuta umepewa leseni ya kusikiliza, kwa matumizi yako binafsi yasiyo ya biashara, na leseni yenyewe huwezi kumhamishia mtu mwingine. Kuuza hapana, kukodisha hapana, na ukifa mwanao hana chake.

Msimamo wangu: aliyelipia wimbo na kuupakua awe na haki ya kuunakili kwenye vifaa vyake vyote, kuuwekea akiba popote anapotaka, kumuuzia au kumpa mtu mwingine mradi afute wa kwake, na kuurithisha. Wenye muziki wasipokubali, basi kitufe kile kiache kusema "Nunua". CD niliyoilipia naweza kumuuzia yeyote kesho na hakuna wa kuniuliza. Marekani msingi huo uliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1908, katika kesi ya kitabu: mwenye haki akishauza nakala mara ya kwanza, hana tena mamlaka ya kumpangia mnunuzi aiuzeje. Wimbo ni ule ule na mtunzi ni yule yule. Kwa nini haki ipotee kwa sababu tu umenifikia kupitia intaneti?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mimi ni prodyuza, nakula kwa kazi hii, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. CD uliyoisikiliza miaka kumi ina mikwaruzo, na ukishaiuza huna tena. Faili halizeeki. Nakala ya elfu moja haina tofauti yoyote na ya kwanza. Unasema "mradi afute wa kwake". Nani atakwenda kumkagua?

Kuna kampuni ya Marekani, ReDigi, iliyojaribu hicho unachokitaka. Programu yao ililihamisha faili kutoka kompyuta ya muuzaji kwenda kwenye seva kipande kwa kipande, kila kipande kikifutwa kule kinakotoka, ili pasiwe na wakati ambapo nakala mbili kamili zipo. Capitol Records, kampuni ya kurekodi muziki, wakaishtaki. ReDigi ilishindwa 2013, na Desemba 2018 mahakama ya rufaa ikathibitisha: hata ukihamisha kwa ustadi huo, kwenye seva imezaliwa nakala mpya, na kutoa nakala mpya ni haki ya mwenye kazi. Mimi naona walihukumu sawa.

Na jingine ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Wimbo mmoja umebeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe. Mara nyingi kila moja ina mwenyewe, na utunzi peke yake unaweza kuwa na watu wanne ndani. Duka halimiliki hata moja kati ya hizo. Litakuuziaje kitu ambacho halina?

MLETA MADA

Hapo mkuu umeteleza kidogo. Duka la CD nalo halikuwahi kumiliki utunzi wala rekodi, na bado liliniuzia nakala ikawa yangu. Sijaomba kuwa mwenye wimbo. Naomba kuwa mwenye nakala moja.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu zangu, tunachanganya mambo matatu, na ndiyo maana tunapishana. Hakimiliki ni sheria inayosema nani ana uamuzi juu ya kazi. Leseni ni ruhusa aliyokupa mwenye uamuzi, ikiwa na mipaka yake. Kufuli la kidijitali ni programu iliyofungwa kwenye faili ili mipaka hiyo isivukwe. Faili linaweza lisiwe na kufuli lolote na leseni bado ikakubana. MP3 inayofunguka kila mahali haijakuruhusu kuigawa.

Na kufuli nalo linaweza kukuzuia jambo ambalo sheria yenyewe haijalikataza. Hapa mimi nakasirika kweli. Mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia hakimiliki, uliziagiza nchi zilizojiunga kuyalinda makufuli hayo kisheria. Marekani ikatunga sheria yake 1998, Umoja wa Ulaya ukafuata 2001. Matokeo yake, kwa Marekani, kulivunja kufuli tu ni kosa linalojitegemea, hata kama wimbo umeulipia na lengo lako lilikuwa kuuhamishia kwenye simu mpya.

Kuhusu kuuza tena, mleta mada, Ulaya nako mlango umebanwa. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliruhusu leseni za programu za kompyuta zilizopakuliwa ziuzwe tena. Watu wakashangilia, wakidhani muziki utafuata. Desemba 2019, kwenye kesi ya Tom Kabinet, muuzaji wa vitabu vya kielektroniki vilivyotumika, mahakama hiyo hiyo ikakataa. Sababu zake zinauhusu muziki moja kwa moja: faili halichakai, kwa hiyo lililotumika linashindana na jipya sokoni.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi makufuli yameniuma. Nililipia albamu nyingi kwenye duka moja, likafungwa. Faili zote ninazo kwenye diski, naziona kwa majina yake, ukubwa wake, picha za majalada. Nikibonyeza, programu inatafuta seva ya kuthibitisha leseni, seva haipo, wimbo haupigi. Aliyepakua za wizi siku zile anasikiliza hadi leo. Mniambie nani aliadhibiwa.

MLETA MADA

Pole sana ndugu. Na hayo hayakukukuta peke yako. Aprili 2008 Microsoft iliwatangazia wateja wa MSN Music, duka lake la muziki, kwamba seva za kutoa funguo zitazimwa mwisho wa Agosti mwaka huo. Nyimbo zingeendelea kupiga kwenye kompyuta zilizokwisha kuidhinishwa, lakini ukibadilisha kompyuta, basi. Watu wakapiga kelele, muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2011. Yahoo nayo ilizima ya kwake 2008.

Sasa prodyuza atazame upande wa pili. Duka la iTunes la Apple lilipoanza 2003, faili ulilonunua lilikuwa na herufi .m4p mwishoni, yaani limefungwa. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, akaandika waraka wa wazi akizitaka kampuni kubwa za muziki ziache makufuli. EMI, mojawapo ya kampuni hizo, ikakubali mwaka huo huo, na 2009 nyimbo za duka zima zikafunguliwa, zikawa .m4a. Amazon ilikuwa imeshaanza kuuza MP3 zisizo na kufuli tangu 2007. Kilichobaki ndani ya zile faili za iTunes ni jina la mnunuzi na barua pepe ya akaunti yake. Hiyo mimi naiona ni haki kabisa: sikiliza utakavyo, ukimwaga wimbo mtandaoni jina lako linakwenda nao. Maduka yakaendelea kuuza, anga haikuanguka.

MCHANGIAJI WA NNE

Naomba kuuliza. Huduma ninayolipia kwa mwezi ina kitufe cha kupakua. Hizo nazo tunazihesabu?

MCHANGIAJI WA PILI

Hapana dada, hiyo ni habari nyingine. Hapo unalipia kuingia, na kupakua ni kukurahisishia tu kusikiliza bila intaneti. Faili limefichwa ndani ya programu na limesimbwa, ukilitoa nje halifunguki. Spotify, kwa mfano, inakutaka uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo ulizopakua zinafungwa. Ukiacha kulipa zimekwenda. Hapo sioni udanganyifu, kwa sababu hakuna aliyekuambia umenunua.

MCHANGIAJI WA TANO

Mimi nililipia wimbo kihalali, nikauweka kwenye video yangu, video ikashushwa. Stakabadhi ninayo!

MCHANGIAJI WA KWANZA

Stakabadhi yako ni ya kusikiliza, ndugu yangu. Kuunganisha muziki na picha kunahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ruhusa ya mwenye rekodi, zote mbili. Kupiga mbele ya umma ni ruhusa nyingine tena. Ukitaka muziki wa video bila kuhangaika, tafuta uliotolewa kwa leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi anazotoa msanii mwenyewe, lakini soma herufi zake: yenye NC hairuhusu biashara, yenye ND hairuhusu kuugeuza, na kuuweka kwenye video wao wanahesabu ni kuugeuza. Na jina la msanii utalitaja, hilo halikwepeki.

Nimrudie mleta mada. Kufuli nilishaacha kulitetea. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG waliweka kwenye CD zao programu iliyojificha ndani ya kompyuta za wateja na kuacha mwanya wa kuingiliwa na virusi, ikabidi CD zirudishwe. Sisi wa studio tulibeba lawama za jambo ambalo hatukuulizwa. Ila mkisema kunakili kuwe huru, mniambie fidia inatoka wapi. Ujerumani tangu 1965 sheria inatoza vifaa vya kurekodia, na siku hizi tozo inagusa hadi simu na kompyuta, fedha zinawafikia wenye haki. Uingereza waliruhusu kunakili binafsi Oktoba 2014 bila fidia yoyote. Wanamuziki wakaenda mahakamani, na Julai 2015 ruhusa ikafutwa, kwa sababu serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wasanii hawatapata hasara. Nipe tozo, nami nitakupa nakala.

MLETA MADA

Sawa, kwenye kuuza tena nalegeza. Hoja ya ukaguzi sijaweza kuijibu, na mahakama za pande mbili zimeshasema. Tozo pia naielewa, lakini isimkamue mara mbili mtu aliyekwisha kulipia faili dukani. Bei ile iwe imebeba nakala zake za nyumbani, na sheria iseme hivyo wazi, ili sharti la kwenye mkataba lisiweze kuifuta.

Kwenye kitufe silegezi. California imeanza: tangu Januari 1, 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kuandika "Nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni, au mteja akiri kwamba ameelewa hivyo. Lakini sheria hiyo imeviacha nje vitu unavyoweza kuvipakua ukabaki navyo moja kwa moja bila intaneti. Yaani faili letu la MP3 limerukwa, eti kwa kuwa hakuna atakayekuja kulichukua. Ni kweli hakuna wa kulichukua, ila leseni bado inasema halihamishiki.

Na kwenye urithi hujanijibu, mkuu. Baba amefariki, akaunti ni yake, mtoto mmoja anachukua maktaba ile ile, nakala haijaongezeka hata moja na msikilizaji ni mmoja kama mwanzo. Hoja ya faili lisilochakaa kushindana sokoni na jipya hapa haipo, maana hakuna kilichouzwa. Msanii anapoteza nini hapo?