Gauni la mwanasesere wa Kilakota: ngozi inajikunja, shanga zinalegea

Mshonaji_Dunda
Wakuu, habari za jioni. Niko Bagamoyo, natengeneza mwanasesere wa Kilakota (Walakota ni Wahindi Wekundu wa Marekani) wa sentimita 30 kwa ngozi ya mbuzi. Kiwiliwili kimekaa vizuri, kasheshe ni gauni. Nikijaza shanga mabegani ngozi inajikunja kama jani kavu, na mistari mingine shanga zinaning'inia. Natumia shanga namba 11, kumi na mbili kila mstari, uzi wa nailoni. Isitoshe, kuvu imeanza. Nakosea wapi?

SindanoNaUzi
Kumi na mbili ni nyingi mno, ndugu. Mistari ya Kilakota ni mifupi, shanga saba au nane, inalala sambamba kama matuta shambani. Kwa mwanasesere mdogo hivyo shuka hadi namba 13 au 15 (namba ikipanda, shanga inapungua) na utunge tano au sita tu. Mstari mrefu hauna kinachoushika katikati, ndiyo maana unaning'inia.

Kujikunja kunatokana na kuvuta. Chora mistari miwili ya penseli, tunga shanga mpaka zijaze nafasi yote, kisha choma sindano. Pakibaki pengo, ongeza shanga. Ukilifunga pengo kwa kukaza uzi, ngozi ndiyo itakayofuata. Sindano ipite katikati ya unene wa ngozi, isitokeze upande wa ndani, maana uzi wa ndani unasuguliwa na kukatika. Uzi wa asili ni kano za mgongo wa nyati wa Marekani: zinachanwa, zinalowanishwa na kusokotwa, na ncha inaachwa ikauke iwe ngumu, ipenye tundu lililotobolewa kwa msumari wa mfupa. Wewe paka uzi wako nta ya nyuki, usiteleze.

Fundi_Kiwambo
Kabla ya sindano, tuulize ngozi yenyewe. Hapa Bagamoyo ngozi ya mbuzi inayopatikana kirahisi ni ya kuwambia ngoma. Hiyo ni mbichi iliyokaushwa, haijalainishwa. Dondoshea maji kipande kimoja: kikiteleza kisha kikakauka kama ubao, hata ushone vipi haitatulia, kwa kuwa inakunywa unyevu wa bahari kila usiku.

Walakota hulainisha kwa ubongo wa mnyama. Ponda ubongo ndani ya maji vuguvugu, sugua pande zote, loweka, kamua, kisha vuta na kunyoosha mfululizo mpaka ikauke kabisa. Ukipumzika ikiwa mbichimbichi, hapo hapo panakakamaa na unarudia kupaka. Mwisho ifukize. Makumbi ya nazi yanafaa sana, yafuke tu bila mwali, maana joto linaisinyaza. Moshi ndio unaofanya ngozi ikilowa irudi kuwa laini. Itundike kivulini penye upepo, usiifungie kwenye mfuko wa plastiki.

Ushanga_Mwekundu
Nyongeza. Ndani jaza sufi, haishiki maji kirahisi. Nywele ziwe singa za farasi, zishonwe kichwani kabla ya kukijaza. Uso ukiuacha mtupu hujakosea, wa zamani wengi wako hivyo. Wa Rhonda Holy Bear, Mlakota wa Cheyenne River kule South Dakota, wana nyuso za mbao zilizochongwa. Tazama anavyolinganisha ukubwa wa shanga na mwili. Shanga nyekundu zenye kiini cheupe, zile samesame za misafara ya hapa kwetu, Walakota nao zilikuwa zikiwafikia kwa biashara.

Ukiuza, andika "kwa mtindo wa Kilakota, kazi ya Bagamoyo". Marekani sheria ya 1990 inakataza kuuza kitu kama kazi ya Wahindi Wekundu kama hawakukitengeneza wao, na ni haki yao.

Mshonaji_Dunda
Nimedondoshea maji. Ubao mtupu. Nafumua shanga zote. Ubongo wa mbuzi mmoja unatosha ngozi nzima?

Fundi_Kiwambo
Unatosha. Ila kwangua nyama na utando wote kwanza, pakibaki utando ubongo haupenyi.