Nimepewa upande wa "serikali kuhamia Dodoma kumewanufaisha wenyeji". Naombeni hoja

Binti wa Nzuguni

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, mambo.

Niko kidato cha tatu, shule ya kata, jina lake naliacha. Ijumaa ijayo tuna dibeti, na safari hii ni kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wamealikwa. (Zile za kawaida ni Kiingereza: wanaongea watu wanne, darasa lililobaki linaangalia dari.) Mada ni "Serikali kuhamia Dodoma kumewanufaisha wenyeji". Mimi nimepangwa kukubali, mwenzangu wa dawati kupinga. Taabu ni kwamba yeye ana hoja kuliko mimi.

Yeye ni Mgogo wa hapa hapa. Bibi yake alikuwa na shamba la zabibu, likapimwa viwanja. Wamebakiwa na mistari mitatu ya mizabibu nyuma ya nyumba, nayo ikifika saa tisa mchana inaingia kwenye kivuli cha ghorofa la jirani. Mimi baba yangu ni fundi plasta. Tulitoka Singida 2019, nikiwa darasa la nne, aliposikia kuna kazi Mtumba kwenye mji wa serikali. Kwa hiyo ugali wa nyumbani kwetu umetokana na huko kuhama, siwezi kukataa. Ila nikijiona nimesimama mbele ya watu nasema "tumenufaika", nakumbuka kituoni asubuhi.

Naamka saa kumi na moja kasoro. Kwenye saa kumi na mbili kasoro robo tunakuwa wanafunzi kama ishirini pale kituoni. Daladala ikija konda anaziba mlango kwa mkono, ananyoosha vidole viwili: "Wanafunzi wawili, wengine subirini!" Inayofuata haisimami kabisa. Ukichelewa shule, adhabu ni dumu la maji kutoka bombani mpaka kwenye miti, si mnajua Dodoma inatakiwa iwe ya kijani. Mwarobaini wangu umenipita kimo kwa ajili ya makonda. Wa dada mkuu, ambaye hajawahi kuchelewa, umekauka.

Mwezi wa tano tulipelekwa bungeni. Tukakaa kule juu kwa wageni, tukatajwa, tukasimama na soksi zetu nyeupe, wabunge wakatupigia meza. Nilijisikia mtu wa maana sana. Jioni yake nimesimama kituoni saa nzima, gari ya nne ndiyo ikanichukua.

Sasa nipeni hoja za kweli. "Miundombinu imeboreshwa" sitaki, hiyo atasema kila mtu.

Babu wa Makole

Marahaba mjukuu wangu. Wengine nawasalimu Kigogo, mbukwenyi.

Tuanze na tarehe, maana nyie mnadhani dunia imeanza 2016. Uamuzi ni wa 1973, enzi za TANU. Mimi nimekua nikiambiwa mwakani serikali inakuja, na hiyo mwakani ikachukua miaka 43. Bunge lilitangulia, 1996, lakini likiahirishwa tu wabunge walikuwa wanarudi zao Dar na mji unalala. Magufuli alitangaza Julai 2016, waziri mkuu akahamia mwaka ule ule, mwenyewe akaja 2019. Jiji tumekuwa Aprili 26, 2018.

Tarehe zinakusaidia kujua usibebe nini. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, usiibebe, ilianza 2007. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo ilikuwepo kabla ya 2016. Treni ya umeme imefika 2024 na ni kitu kizuri, lakini ile reli inajengwa kwenda Mwanza, ingepita hapa hata serikali ingebaki Dar. Mpinzani mwenye akili atakuumbua mbele ya wazazi.

Beba vyumba vya uani. Mimi ninavyo viwili. Zamani nilikuwa nangoja Bunge la bajeti kama mkulima anavyongoja mvua: miezi mitatu ya neema, halafu kufuli. Sasa nina mpangaji mwaka mzima, mtumishi, analipa kwa miezi sita. Na beba mlenda. Tulichekwa sana na mlenda wetu mkavu. Leo bibi yenu anaupima kwa kikombe, na wanaonunua wamevaa tai.

Lakini usidanganye kuhusu ardhi. Nina ndugu waliouza ekari kwa bei ya pikipiki. Pikipiki zimeshakufa.

Aliyekuwa Konda

Mdogo wangu, hiyo mikono na vidole viwili inaweza kuwa yangu kabisa, nimepiga debe njia hizo miaka minne. Sasa nipo kwenye bajaji.

Nikueleze upande wetu, si kwa kujitetea. Mwanafunzi ni mia mbili. Nikijaza wanafunzi, mtu mzima mmoja ni nyie watatu, na siti ni ile ile. Bosi anataka hesabu yake jioni, hanipunguzii kwa sababu nilibeba watoto wa watu. Mafuta yakipanda hesabu haishuki. Na saa zenu ndizo saa za watumishi wa Mtumba, wote mnataka gari kati ya kumi na mbili na moja. Kwa hiyo, ndiyo, kuhamia kwa serikali kumekusukuma nje ya mlango. Sema hivyo hivyo hata kama uko upande wa kukubali, watakuamini na mengine.

Halafu usikae kituo cha kati. Tembea mpaka gari inapogeuzia, uingie ikiwa tupu, kaa siti ya nyuma. Konda hamtoi mtu aliyeshakaa.

Ticha Siviksi

Binti, umeruka neno moja kwenye mada yako: "wenyeji". Ni nani? Bibi wa mwenzako tu? Babu wa Makole mwenye wapangaji? Wewe uliyekuja darasa la nne? Atakayelifafanua neno hilo kwanza ndiye atakayeiongoza dibeti. Ukikubali kwamba mwenyeji ni mwenye shamba peke yake, umeshindwa kabla ya kengele. Lakini ukisema kila anayelala Dodoma ni mwenyeji, mwenzako atakuuliza kwa nini faida imekwenda kwa waliokuja na hasara imebaki kwa waliokuwepo. Lijibu hilo usiku wa Alhamisi, si pale mbele.

Binti wa Nzuguni

Asanteni sana. Babu, UDOM nilikuwa nimeshaiandika namba moja, nimeifuta.

Ticha, swali lako nimempelekea mwenzangu leo mapumziko. Ndiyo, najua ni mpinzani wangu, lakini tunakula kiporo kutoka bakuli moja. Akasema bibi yake ananiita mimi mgeni, ila kila akivuna anamwambia "mpelekee na yule mgeni wako". Sijui hiyo inaingia upande gani. Nimemwomba asiiseme Ijumaa, akakataa.

Nitaanza na baba na plasta yake, niende kwenye vyumba vya babu, mlenda, halafu kituo nikiseme mwenyewe kabla hawajanisemea. Kwa ardhi bado sina jibu.

Kaka konda, kesho saa kumi na moja na nusu nipo pale gari inapogeuzia. Wape salamu wenzio, na waambie mia mbili yangu ni ya sarafu, wasiniambie hawana chenji.