Naomba ushauri: baba anataka kaburi lisilo na zege

Ndugu zangu, baba yetu, ambaye bado ana afya njema, ametuagiza kwamba siku yake ikifika azikwe kihambani (shamba la ukoo) kwetu Kibosho, Kilimanjaro, katika jeneza la mbao zisizopakwa vanishi, bila zege wala vigae, na juu ya kaburi yapandwe masale tu (mmea wa heshima kwa Wachagga). Baba wadogo wanasema huko ni kumzika mzee kimaskini, ingawa Wangari Maathai mwenyewe, mwanamazingira wa Kenya aliyepata Tuzo ya Nobel, mwaka 2011, aliagwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji. Naomba kujua kaburi la udongo mtupu kwenye mteremko wenye mvua nyingi linashindiliwaje lisititie, na kama mochwari hukubali mwili ukae kwenye jokofu bila kuchomwa dawa, hadi ndugu wa mbali wafike.