Mtoto mpole apelekwe bweni "akachangamke"? Mimi napinga

Ndugu wazazi, wiki hii nimelisikia mara mbili, kanisani na kwenye kikoba: "Huyo wako mpole mno, mpeleke bweni achangamke." Machi 2023 Kamishna wa Elimu hapa Tanzania alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Waraka upo, ila imani yenyewe bado tunayo majumbani.

Hata mimi niliamini. Kabla ya waraka nilimpeleka mwanangu wa miaka saba, yule ambaye mgeni akibisha hodi anajificha nyuma ya khanga yangu. Likizo ya kwanza alirudi kola za mashati zimetafunwa mpaka nyuzi zinaning'inia, na amerudia kukojoa kitandani. Matroni akasema, "Huyu hasumbui kabisa." Mpaka leo linaniuma. Mtoto mwenye hofu hasumbui, ndiyo maana hakuna aliyemwona.

Nikamrudisha nyumbani, na wa kwanza kubadilika nikawa mimi. Nilikuwa mtu wa "Msalimie shangazi! Umekatwa ulimi?" mbele za watu. Nimejifunza kuvuta pumzi, hasira niisikie kabla haijafika mdomoni. Jioni tunachambua mchele kwenye ungo, simu iko chumbani, simuulizi kitu. Kuna siku mchele unaisha hajasema neno. Kuna siku anaanza mwenyewe, macho kwenye ungo: "Mama, mwalimu akiita jina langu tumbo linauma."

Sisemi afichwe ndani. Akikwepa kila anachoogopa, hofu inazidi kukua. Dukani alianza kwa kushika hela tu, mimi nikisema. Baadaye akawa anasema "chumvi" mwenyewe. Sasa namtuma.

Najua hoja ya upande wa pili, tena ni nzito: mzazi wa Mbagala, Dar es Salaam, anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku, mtoto anashinda na dada wa kazi. Huyo simlaumu hata kidogo. Bweni kwake ni mahali mtoto atakapolala salama na kula kwa wakati. Tuseme hivyo basi, tusilifanye kuwa dawa ya upole.

Kwa mliopeleka mkaona mabadiliko, naomba mnijibu kwa moyo mweupe: mtoto alichangamka, au alijifunza kuificha hofu yake?