Ushauri wenu: zana za sehemu zinawachanganya wanafunzi

Chaki Nyeupe: Wakuu, salaam. Nafundisha sehemu darasa la nne. Zana ni za manila, kila mtoto anashika za kwake, lakini nikiuliza kati ya nusu na theluthi ipi kubwa, karibu darasa zima linasema theluthi. Keshokutwa naingia kujumlisha. Nifanyeje?

Mzee wa Rula: Kawaida hiyo. Wanaona 3 inaizidi 2, basi. Kunja karatasi mbele yao, kunja tena, waone mafungu yakiongezeka kipande kinapungua.

Bi Kikokotoo: Watoto wenyewe hata kuzidisha hawajui, mnawakimbizia sehemu za nini?

Kona Tatu: Tusiwalaumu kwanza. Hizo zana umezikataje? Duara la nusu na la theluthi yanalingana?

Chaki Nyeupe: Nusu nilikata kwenye duara dogo. Theluthi kwenye kubwa, nipate nafasi ya kuandika. Ila seti 40 ziko tayari na rangi nimepaka, siwezi kuanza upya. Nitawaambia tu wasitazame ukubwa.

Kona Tatu: Wasipotazama ukubwa watatazama nini? Watoto wako sahihi, zana ndiyo inayodanganya. Chukua A4, urefu uupunguze ubaki sm 24. Upana ni sm 21, kwa hiyo kanda za sm 3 zinatoka 7. Mmoja uache mzima. Zinazobaki zigawe: nusu sm 12, theluthi 8, robo 6, moja ya sita 4, moja ya nane 3, moja ya kumi na mbili 2. Seti nzima kwenye karatasi moja, na yote yanagawanyika bila baki. Pima, usikisie: kila kipande kikipungua milimita 1, zile 12 zikipangwa zinaacha pengo la sm 1.2. Jina liandike nyuma, la sivyo wanasoma badala ya kulinganisha. Rangi iwe moja, usije ukajibiwa "bluu".

Mzee wa Rula: Kwenye kujumlisha, panga nusu na theluthi juu ya ukanda mzima. Watakaosema 2/5 wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (ya chini) kwa asili. Waulize: 2/5 haifiki hata nusu, sasa nusu uliyoanza nayo imeenda wapi? Halafu wafunike urefu uleule kwa vipande vya aina moja. Robo zinagoma. Vya moja ya sita vinaingia 5, kamili.

Fundi Bikari: Samahani, kwenye seti zako za duara, moja ya nane ulizipataje?

Chaki Nyeupe: Nilikunja duara katikati mara nne, nikakata kwenye mikunjo.

Fundi Bikari: Mara tatu ndiyo nane. Mara nne ni 16. Wakuu, tumepigwa, hakuna seti 40 hapa, uzi wa kutunga huu!

Bi Kikokotoo: 😂😂 Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Chaki Nyeupe: Sijatunga. Vilitoka 16 kweli, nikampa kila mtoto nane, vingine nikaweka akiba.

Kona Tatu: Na hivyo nane vikipangwa vinajaza nusu duara tu?

Chaki Nyeupe: Nusu tu. Nilidhani wamepoteza vingine.

Fundi Bikari: Nimefuta kauli. Hili halitungiki.

Chaki Nyeupe: Haya, A4 40. Mkasi au kisu?

Kona Tatu: Kisu na rula ya chuma, karatasi tano tano. Mkasi unapinda ukingo.